Majengo Yaliyougeuzia Mto Uso: Kuitazama Chicago kwa Boti

Chicago imejengwa juu ya ardhi tambarare kando ya Ziwa Michigan, na mgeni anayetaka kuutazama mji huo kwa mapana yake hapati kilima cha kupanda. Akipanda lifti hadi kwenye jukwaa la kutazamia mandhari katika mojawapo ya majengo marefu, ataona mapaa na ziwa lisilo na ng'ambo. Akitembea barabarani ataona milango, vioo vya maduka na nguzo, na hata akiinua kichwa mpaka shingo imuume, kilele cha jengo hakitaonekana. Ni akiwa katikati ya Mto Chicago, ameketi kwenye sitaha ya juu ya boti inayokwenda polepole, ndipo anapoliona jengo zima kwa mtazamo mmoja, kuanzia linapogusa maji hadi kileleni, pamoja na jirani zake wa kulia na wa kushoto.

Nilipanda boti nikitarajia kuonyeshwa majengo marefu na mazuri, na kweli nilionyeshwa. Lakini jambo lililonishika, ambalo ndilo ninalotaka kulieleza hapa, ni kwamba kila jengo lililoko ukingoni mwa mto huo limechukua msimamo kuhusu maji: ama limeyapa kisogo, ama limeyaelekezea uso. Ukiwa na mwongozaji anayejua kazi yake, safari hiyo ya takribani saa moja na nusu hugeuka kuwa historia ya jinsi mji ulivyoudharau mto wake kwa miaka mingi, kisha ukaanza kuutaka radhi, jengo kwa jengo.

Ziara zinazojulikana zaidi ni zile za Chicago Architecture Center, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1966 na watu waliojikusanya kuiokoa Glessner House, nyumba ya karne ya 19 iliyokuwa ikikabiliwa na kubomolewa. Waongozaji wake ni watu wanaojitolea na kupewa mafunzo marefu kabla ya kukabidhiwa kipaza sauti. Zipo kampuni nyingine pia zinazopita njia ileile. Njia yenyewe ina umbo la herufi Y: shina kuu linatoka upande wa ziwa na kwenda magharibi mpaka mahali panapoitwa Wolf Point, ambapo mto unagawanyika kuwa tawi la kaskazini na tawi la kusini. Boti huingia katika matawi yote mawili na kurudi, kwa hiyo majengo mengi utayaona mara mbili, mara ya pili yakiwa na mwanga mwingine na upande mwingine.

Kabla ya majengo, mwongozaji wetu alituonyesha ukingo wa kaskazini karibu na daraja la Michigan Avenue na kutuambia habari za Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi ambaye katika miaka ya 1780 alikuwa na shamba na nyumba ya biashara karibu na mdomo wa mto, na ambaye leo anatambuliwa kuwa mlowezi wa kwanza wa kudumu asiye mwenyeji wa asili katika eneo hilo. Aliuza mali yake mwaka 1800 na kuondoka. Daraja hilo, lililofunguliwa mwaka 1920, lilipewa jina lake mwaka 2010. Nilifurahi kwamba masimulizi yalianzia hapo. Mji unaojivunia chuma na kioo ulianza na mtu aliyetambua thamani ya mahali ambapo mto unakutana na ziwa.

Karne iliyofuata haikuuheshimu mto. Ghala za nafaka, viwanda vya mbao, machinjio na viwanda vya ngozi vilipanga mstari kando yake, na vyote vilimwaga uchafu humo humo. Mto ulikuwa ukitiririka kuingia Ziwa Michigan, na ziwa hilo ndilo chanzo cha maji ya kunywa ya mji. Maana yake ni kwamba Chicago ilikuwa ikinywa kile ilichokitupa. Suluhisho lililochaguliwa lilikuwa kubwa kiasi cha kustaajabisha: wahandisi walichimba mfereji wenye urefu wa kilomita 45 hivi, na mwezi Januari 1900 wakaugeuza mto uache kuingia ziwani na badala yake utoke ziwani, uende kusini-magharibi kuelekea bonde la Mto Mississippi. Jimbo la Missouri, lililoko chini ya mkondo huo mpya, lilishtaki hadi Mahakama Kuu ya Marekani na kushindwa mwaka 1906. Mpaka leo mkondo unaoubeba mgeni kutoka upande wa ziwa kuingia katikati ya mji ni mkondo uliopinduliwa na binadamu. Ninaona ni haki kuihesabu kazi hiyo kuwa jengo la kwanza katika ziara, ingawa haina ghorofa hata moja.

Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini majengo ya zamani yanaonekana kama yanajificha. Kwa kizazi kile, mto ulikuwa uani kwa nyumba, mahali pa kumwaga maji machafu na kupokea mizigo, wakati mlango wa mbele na mapambo yote vilikuwa barabarani. Jengo la Reid Murdoch la mwaka 1914, lenye matofali mekundu na mnara wa saa, ni mojawapo ya machache ya wakati wake yaliyojengwa kwa ajili ya shehena za mtoni na bado yakautazama mto kwa adabu. Ukilitazama kwa makini utaona kwamba mnara wake haupo katikati: mwaka 1930, LaSalle Street ilipopanuliwa, kipande cha upande wa magharibi kilikatwa, na jengo likabaki na ulinganifu uliovunjika. Ukiwa barabarani ni vigumu kuliona jambo hilo, lakini kutoka majini linaonekana mara moja.

Ng'ambo ya jengo hilo, kwenye ukingo wa kusini kati ya Clark Street na LaSalle Street, meli ya Eastland ilipinduka tarehe 24 Julai 1915 ikiwa bado imefungwa gatini. Ilikuwa imejaa wafanyakazi wa kampuni ya Western Electric na familia zao waliokuwa wakienda matembezini, na watu 844 walikufa katika maji ambayo kina chake hakikutosha hata kuizamisha meli nzima. Jengo la Reid Murdoch lilitumika kuwahudumia waathirika. Mwongozaji wetu alinyamaza kidogo baada ya kulieleza jambo hilo, akaiacha boti ipite mahali pale bila maneno. Nilimheshimu kwa hilo. Kipaza sauti kisichopumzika ni adui wa ziara ya aina hii.

Moto mkubwa wa Oktoba 1871 haukosekani katika ziara yoyote, na haustahili kukosekana. Uliteketeza sehemu kubwa ya mji, uliua watu wapatao 300 na kuwaacha takribani watu 100,000 bila makazi. Lakini ule usemi wa kawaida, kwamba moto ulizaa majengo marefu, unahitaji kuelezwa vizuri zaidi, kwa sababu majivu peke yake hayajengi ghorofa. Baada ya moto ardhi ya katikati ya mji ilipanda bei, lifti zilikuwa zimeanza kuaminika, na chuma kilikuwa kinapatikana kwa wingi. Mwaka 1885 William Le Baron Jenney alikamilisha Home Insurance Building, jengo la ghorofa 10 ambalo uzito wake ulibebwa kwa sehemu kubwa na kiunzi cha chuma badala ya kuta nene za mawe. Lilibomolewa mwaka 1931, kwa hiyo hakuna boti inayoweza kukuonyesha. Tatizo lililobaki lilikuwa chini: udongo wa Chicago ni mfinyanzi laini wenye maji, na mwamba uko mbali. Wajenzi wa kwanza waliyaegemeza majengo juu ya sahani pana za zege na chuma zilizoelea kwenye udongo huo. Waliofuata walichimba visima virefu na kuvijaza zege ili uzito ushuke hadi kwenye tabaka gumu. Kila mnara unaouona ukingoni unasimama juu ya kazi ya namna hiyo, na ninatamani waongozaji wangeitaja mara nyingi zaidi kuliko wanavyotaja urefu wa minara.

Hatua ya kwanza ya mji kugeuza uso ilitokana na mpango wa mwaka 1909 wa Daniel Burnham na Edward Bennett, uliopendekeza kwamba kingo za mto zipambwe badala ya kuachiwa masoko na ghala. Matunda yake ni Wacker Drive, barabara ya ngazi mbili iliyofunguliwa mwaka 1926 mahali palipokuwa na soko lenye msongamano: magari ya mizigo yanapita chini, karibu na usawa wa maji, na magari mengine yanapita juu. Wakati huohuo, kwenye ukingo wa kaskazini, kampuni ya kutengeneza ubani wa kutafuna ilijenga Wrigley Building, mnara wake wa kusini ukikamilika mwaka 1921 na wa kaskazini mwaka 1924. Ngozi yake ni ya terakota, yaani vigae vya udongo wa kuchomwa vilivyong'arishwa, na rangi yake inaanza na weupe uliofifia chini na kuzidi kung'aa kadiri inavyopanda. Ukiambiwa hivyo ukiwa barabarani unaitikia tu. Ukiwa mtoni unaona jengo likipata nuru kuelekea juu hata siku ya mawingu.

Jirani yake, Tribune Tower, lilikamilika mwaka 1925 baada ya shindano la kimataifa la mwaka 1922 lililovutia zaidi ya michoro 260. John Mead Howells na Raymond Hood walishinda kwa mchoro wa Kigothi wenye matao ya kuegemea kileleni kama kanisa kuu la Ulaya. Mfini Eliel Saarinen alishika nafasi ya pili, na mchoro wake, mnara uliopungua kwa vidato bila mapambo mengi, ulifuatwa na wasanifu wengi kuliko mchoro ulioshinda. Mimi nipo upande wa Saarinen, ingawa siwezi kukana kwamba kilele cha Tribune, jua la alasiri likikipiga kutoka magharibi, kinafanya kila mtu kwenye sitaha ageuke.

Kuelekea Wolf Point unapita Merchandise Mart, jengo la mwaka 1930 lenye eneo la sakafu la takribani mita za mraba 370,000, ambalo lilipofunguliwa lilikuwa kubwa kuliko majengo yote duniani. Ni zito, ni refu kwa upana, na baada ya kushangazwa na ukubwa wake sikupata mengi zaidi ya kulitazama.

Mahali ninapopenda kukaa zaidi kwa fikra ni mbele ya Marina City. Minara miwili ya mviringo, kila mmoja wenye ghorofa 65 na urefu wa mita 179, ilisanifiwa na Bertrand Goldberg na kukamilika katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1960. Wakazi wa mji huiita mahindi, kwa sababu vibaraza vyake vya nusu duara vimejipanga kama punje kwenye gunzi. Ghorofa 19 za chini ni maegesho yanayopanda kwa mzunguko, wazi kabisa upande wa nje, kiasi kwamba kutoka kwenye boti unaona magari yamepangwa ukingoni yakiutazama mto. Lakini kinachoifanya iwe muhimu si umbo tu. Wakati ule wenye uwezo walikuwa wakihama katikati ya miji ya Marekani kwenda vitongojini, na katikati ya Chicago palikuwa panabaki patupu baada ya saa za kazi. Fedha za ujenzi zilitolewa na chama cha wafanyakazi wa kuhudumia majengo, yaani wasafishaji na waendesha lifti, ambao mji ukihamwa wangekosa kazi. Goldberg akawapa mji mdogo ndani ya mji: makazi, ofisi, ukumbi wa maonyesho, mchezo wa boliingi, na chini kabisa, kwenye usawa wa maji, gati la boti. Gati hilo ndilo linalonigusa. Katika mto ambao bado ulikuwa unanuka, mtu alijenga mlango.

Mita chache mashariki mwake linasimama jengo la Ludwig Mies van der Rohe, lililojengwa kwa ajili ya kampuni ya IBM na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya msanifu wake kufariki mwaka 1969. Ni sanduku jeusi la chuma na kioo, lenye pembe kali na lisilo na pambo lolote. Goldberg alikuwa amesoma Bauhaus, chuo cha sanaa na usanifu nchini Ujerumani, wakati Mies akiwa mkuu wa chuo hicho, kwa hiyo unapotazama duara na mraba vikiwa bega kwa bega unamtazama mwanafunzi na mwalimu wake. Mwanafunzi aliamini kwamba binadamu hapaswi kuishi ndani ya pembe za mraba, na vyumba vyake vinaanza vyembamba kwenye kiini cha mnara na kupanuka kuelekea kibarazani na kwenye mwanga. Mwalimu aliamini kwamba muundo ulio wazi na vipimo sahihi vinatosha. Hakuna barabara inayokuwezesha kuwatazama wote wawili kwa pamoja, kwa umbali unaotosha kuwalinganisha, kama mto unavyokuwezesha.

Wolf Point ndipo lilipo jibu ambalo kwangu ni zuri kuliko yote, 333 West Wacker Drive, la Kohn Pedersen Fox, lililokamilika mwaka 1983. Kiwanja chake ni pembetatu iliyobaki mahali ambapo mto unakata kona. Upande wa mji jengo lina pembe zinazofuata mpangilio wa barabara. Upande wa mto ni ukuta mmoja wa kioo cha kijani uliopinda sawasawa na kona ya mto. Rangi ya kioo imeshabihiana na rangi ya maji. Boti inapokata kona, mawingu, madaraja na majengo ya ng'ambo yanatembea juu ya kioo hicho, na kwa dakika nzima watu wote kwenye sitaha walikaa kimya bila kuambiwa. Jengo hilo lisingeweza kujengwa mahali pengine popote.

Katika tawi la kusini mna jozi ya majengo ya mwaka 1929 yanayostahili kutazamwa pamoja. Upande wa mashariki ni Civic Opera House ya tajiri wa umeme Samuel Insull, lenye umbo la kiti kikubwa cha enzi, lililofunguliwa Novemba mwaka huo, siku chache baada ya soko la hisa kuporomoka. Ng'ambo yake ni jengo lililokuwa la gazeti la Daily News, ambalo lilijengwa juu ya reli zinazoendelea kufanya kazi na kuacha uwanja wa wazi kwa watu wote kando ya maji, jambo ambalo miaka ile halikuwa la kawaida. Kati ya kiti cha tajiri na uwanja wa wapita njia, ninajua ni kipi mji ulikuja kukiiga. Karibu na hapo, 150 North Riverside la mwaka 2017 linasimama kwenye ukanda mwembamba kati ya reli na mto kwa mguu mdogo unaopanuka kadiri unavyopanda, mpaka mtu anajiuliza kwa nini halianguki. Limebana mguu wake hivyo ili sehemu kubwa ya kiwanja iwe bustani ya umma.

Kisha nyuma ya majengo ya karibu unaibuka Willis Tower, wenye ghorofa 110 na mita 442, uliokuwa mrefu kuliko yote duniani tangu ulipokamilika katika miaka ya 1970 hadi 1998. Bruce Graham alikuwa msanifu wake na Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa Dhaka, mhandisi wake. Khan aliufikiria mnara kuwa mirija tisa iliyofungwa pamoja, kila mmoja ukimsaidia mwenzake kuukabili upepo, na mirija hiyo inakoma kwa zamu: miwili kwenye ghorofa ya 50, miwili ya 66, mitatu ya 90, na miwili tu inafika juu. Kutoka mtoni unaweza kuihesabu kwa kidole. Nilitamani mwongozaji angebaki kwa Khan muda mrefu zaidi, kwa sababu majina ya wasanifu hutajwa kila mahali na ya wahandisi husahaulika, na hapa mhandisi ndiye aliyeamua sura ya jengo.

Boti ikirudi kuelekea ziwani, upande wa kusini unaona St. Regis ya Jeanne Gang, iliyokamilika mwaka 2020 ikiwa na ghorofa 101. Ndilo jengo refu zaidi duniani lililosanifiwa na mwanamke. Kuta zake zinapanuka na kubanana kama mawimbi, na karibu na kilele ghorofa moja imeachwa wazi ili upepo upite badala ya kulisukuma jengo.

Kwa anayepanga kwenda, ziara hufanyika hasa kuanzia majira ya kuchipua hadi mwanzo wa baridi, na mwisho wa wiki tiketi huisha mapema. Keti sitaha ya juu, na uchukue vazi la kukinga upepo hata kukiwa na jua, kwa kuwa upepo wa ziwani huingia mtoni kupitia kati ya majengo. Alasiri ina mwanga bora kuliko asubuhi. Ukipita chini ya madaraja tazama juu: mengi ni ya kuinuka, yenye mizani mizito iliyofichwa chini ya barabara ili mota ndogo ziweze kuyanyanyua, na hufunguliwa kwa ajili ya mashua za matanga zinapotoka kwenda ziwani wakati wa machipuko na zinaporudi wakati wa mapukutiko. Simu itumie kwa picha chache, kisha uiweke mfukoni, kwa sababu kona za mto hazingoji.

Ziara ina upungufu wake, nao si mdogo. Inapita katikati ya mji, penye fedha, na mtu anaweza kushuka akidhani ameiona Chicago yote, ilhali mitaa ya kusini na magharibi, ambako wakazi wengi weusi na Walatino wanaishi, haionekani kabisa kutoka majini. Mto wenyewe haujapona: mvua kubwa ikinyesha, mabomba yanayobeba maji ya mvua pamoja na maji taka hufurika, na mradi wa mahandaki makubwa ya kuhifadhi maji hayo, ulioanza kuchimbwa mwaka 1975, bado haujakamilika. Kingo za kutembelea kwa miguu kando ya shina kuu, zilizopanuliwa mwaka 2015 na 2016, zimejaa watu wanaokula, wanaosoma na wanaopiga makasia mahali ambapo babu zao wangeziba pua, na mwongozaji aliyetaja furaha hiyo alipaswa kuutaja na uchafu uliosalia.

Ukishuka, usiondoke mara moja. Vuka daraja la DuSable uende hadi kwenye ukuta wa Tribune Tower, ambako vipande vya mawe kutoka majengo mashuhuri ya dunia, yakiwemo Taj Mahal na Piramidi Kuu ya Misri, vimepachikwa kwenye usawa wa mkono, kila kimoja kikiwa na jina lake. Hivyo boti haiwezi kukuonyesha.